Redio ya Upande wa Pili

Nyumba ile ilikuwa ya bei ya kutupa, na Mama Chiriku alijua tangu mwanzo kwamba hakuna mwenye nyumba anayetupa kitu bila sababu. Lakini kuna wakati mtu hachagui nyumba. Mfuko ndio humchagulia. Yeye na mumewe wakatoka katika nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza, wakaingia katika chumba kimoja kikubwa mwisho wa uchochoro, chenye mlango wa bluu uliobabuka, dirisha moja upande wa nyuma, na jiko dogo la mabati uani. Mwenye nyumba aliwakabidhi ufunguo akiwa amesimama nje. Hakuingia hata kuwaonyesha swichi ya taa ilipo.

"Chumba ni kikubwa," alisema. "Mtapumua."

Aliyeona kwanza ni mumewe. Huyo alikuwa mchora mabango, watu wote walimwita Brashi, na macho ya mchora mabango hayapiti ukutani bure. Kabla hata godoro halijashushwa, alisimama katikati ya chumba, kichwa kakiinamisha upande kama kuku aliyesikia kitu, kisha akacheka.

"Mama Chiriku, hebu njoo uone. Aliyepaka huku na aliyepaka kule hawakununua rangi duka moja."

Kweli. Nusu ya chumba ilikuwa krimu, nusu ya pili kijani kilichofifia. Na rangi zile hazikukutana kwenye kona, kama ilivyo kawaida. Zilikutana katikati ya ukuta, zikakatika wima kama zimepigwa kisu. Chini, kwenye sakafu ya saruji, kulikuwa na safu ya matundu yaliyozibwa, imeanzia hatua moja tu baada ya mlango, ikanyooka hadi chini ya dirisha. Hata dirisha lenyewe lilikuwa limegawanywa. Alama za misumari zilipanda katikati ya fremu hadi darini.

"Palikuwa na ukuta wa mbao," Brashi alisema. "Chumba kilikuwa viwili."

"Labda walikaa wapangaji wawili."

"Mlango mmoja, jiko moja, wapangaji wawili?" Alitikisa kichwa. "Labda walikuwa mapacha."

Wakacheka wote wawili. Walikuwa bado wanacheka siku hizo. Kitanda wakakiweka katikati kabisa, juu ya ile safu ya matundu, maana ndipo hewa ya dirisha ilipofika.

Brashi hakuwa fundi wa kubahatisha. Kwa miaka mingi, mabucha, vinyozi, shule na maduka ya dawa yote ya mtaa wao wa zamani yalivaa mwandiko wake. Herufi zake zilikuwa na kiuno, watu walisema. "S" yake ilikaa kama mwanamke aliyeshika ndoo kichwani. Kisha ikaja mashine ya kuchapa mabango. Mteja anaingia na picha kwenye simu, anakunywa chai, chai haijapoa bango lake limeshatoka, kubwa, linang'aa, na nyama imechorwa mpaka mafuta yanaonekana. Bei nusu ya Brashi. Wateja hawakumkimbia kwa ubaya. Wengine walimwomba radhi kabisa. Lakini radhi hailipi kodi. Ikauzwa pikipiki, kikafungwa kibanda, ikafuata nyumba ya vyumba vitatu. Na maji yalipozidi unga, wakafanya lile ambalo hakuna kati yao aliyependa kulitaja: wakampeleka binti yao wa pekee kwa shangazi yake, dada yake Brashi, mbali huko.

"Ni kwa muda tu," walimwambia mtoto.

Mtoto huyo mdomo wake haukujua kupumzika tangu alipoanza kusema, ndiyo maana akaitwa Chiriku. Alipoondoka, ndipo wazazi wake wakagundua kwamba kwa miaka tisa walikuwa hawazungumzi wao kwa wao. Walikuwa wanazungumza kupitia kwake.

Mama Chiriku alikuwa mpiga pasi katika chumba cha dobi cha hoteli moja kubwa. Kutwa alisimama mbele ya mashine ya pasi, ile yenye roli refu la moto, yeye na mwenzake wakiingiza shuka upande huu, wakazipokea upande wa pili zimenyooka kama karatasi mpya. Shuka za vitanda vya watu wawili. Zikija zina joto, wanazikunja: hatua mbele, pembe kwa pembe, hatua nyuma. Akirudi nyumbani nywele zilinuka mvuke na nyayo zilimwaka, na mshahara wake, ambao zamani ulikuwa wa kujazilizia, sasa ndio uliobeba nyumba yote.

Habari za chumba kile alizipata bombani. Jirani wa mkabala aliitwa Mama Habari, na jina hilo hakulipewa kwa kuonewa. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, sauti ya mtu anayekuambia wewe peke yako, ingawa ameshawaambia wengine kumi.

"Mmeshazoea?" aliuliza.

"Tunazoea, dada."

"Mwenye nyumba aliwaambia?"

"Kutuambia nini?"

Mama Habari akaangalia huku na huku, na bombani hapakuwa na mtu. Akasimulia.

Waliokaa pale walikuwa mume na mke. Mwanamume karani, wakimwita Mzee Tai kwa sababu hakutoka nje bila tai shingoni, hata akienda kutupa taka. Mke alikuwa fundi wa cherehani, ana mashine zake tatu na wasichana wawili wa kumsaidia. Mzee Tai akaingia tamaa ya biashara, akakopa, na rehani akaweka mashine za mkewe bila kumwambia. Biashara ikafa. Wakaja watu na gari, wakabeba cherehani moja moja mbele ya wateja, nyingine ikiwa na gauni la bibi harusi bado liko chini ya sindano.

"Mke hakupiga kelele," Mama Habari alisema. "Laiti angepiga. Alitaka kuondoka. Lakini kuachana nako ni gharama, mdogo wangu. Nyumba mbili, kodi mbili, vitanda viwili. Watatoa wapi? Kwa hiyo siku moja akaleta plaiwudi na seremala. Wakaachana humo humo ndani."

"Humo ndani?"

"Mume kijani, mke krimu. Jikoni wanapishana kama wapangaji. Wakisemeshana ni 'samahani' na 'nimemaliza'. Miaka hiyo, mpaka watoto wa mtaani tuliowaona wanatambaa wakaoa."

Mama Chiriku ndoo yake ilikuwa imejaa na maji yanamwagika. Hakufunga bomba.

"Kisha mwanamume akafa," Mama Habari akaendelea. "Alikaa kwenye kiti chake jioni, na tai yake, akakata roho bila hata kukohoa. Lakini redio yake ilikuwa inasema. Ikaendelea kusema. Mke upande wa pili anaisikia usiku kucha, kunakucha anaisikia, anatoka, anarudi, bado inasema. Hakujua. Mpaka betri zilipoanza kuchoka, sauti ikawa inazama, inazama, ndipo akagonga ubao."

Mama Chiriku hakumwambia Brashi. Alibeba ndoo, akaingia, akamkuta anamenya viazi, akasema bombani kulikuwa na foleni. Sababu alijipa mwenyewe: mume wangu amechoka, kwa nini nimwongezee ya wafu? Lakini sababu hasa ilikuwa nyingine. Aliona kwamba kulitamka jambo lile ndani ya chumba kile ni kama kuliita kwa jina, nalo lingeitika.

Tangu siku hiyo macho yake yakaanza kuona. Upande wa kijani, ukutani, palikuwa na doa la mafuta kwenye usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa kitini. Upande wa krimu hapakuwa na doa lolote ukutani. Lakini chini, pembeni kabisa ya yale matundu, sakafu ilikuwa laini na inang'aa mahali pamoja, kama pamekaliwa sana. Alipafagia, akapapiga deki, akapasugua kwa brashi ya miti. Palizidi kung'aa. Brashi akikaa kwenye sofa jioni, kichwa chake kilifika sawasawa kwenye lile doa, na Mama Chiriku alimwomba wasogeze sofa.

"Lisogee wapi? Huku kuna mlango."

"Popote."

"Una nini wewe siku hizi?"

"Sina kitu."

Kazi ilipopatikana, ilikuwa ya namna yake. Mashine za mabango hazikushughulika na vibao vya makaburi. Faida ndogo, na watu wanaokuja wanalia. Brashi akaanza kuviandika. Jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, rangi nyeusi juu ya nyeupe, bei kwa kila herufi. Akavianika upande wa kijani, vimeegemezwa ukutani, hivyo Mama Chiriku akitoka kazini alipokewa na majina ya watu asiowajua, yamejipanga kama wageni wanaosubiri kuandaliwa chakula. Harufu ya rangi ikaingia kwenye mkate. Usiku gari likipita uchochoroni, taa zake zilipitia dirishani na majina yale yakaamka moja baada ya jingine, kisha yakalala.

Ilikuwa wakati huo hotelini wakamfanya mkuu wa zamu. Msimamizi wa zamani alistaafu, na meneja akaona hakuna anayeijua ile mashine kama yeye. Mshahara ukapanda, si kidogo. Alitembea kurudi nyumbani kwa miguu, anapanga maneno ya kumwambia Brashi, anacheka peke yake njiani. Akafungua mlango. Brashi alikuwa ameinama juu ya kibao kifupi, cha mtoto, anamalizia herufi ya mwisho. Akainua uso, una furaha ambayo mkewe hakuwa ameiona tangu pikipiki ilipouzwa.

"Leo nimepata vibao viwili," alisema. "Viwili kwa siku moja, Mama Chiriku. Nimenunua nyama."

Angewezaje? Kusema wakati ule ni kama kumkanyaga mtu aliyejitahidi kuinuka. Akasema, "Nyama. Hongera, baba." Akajiambia atasema kesho. Kesho Brashi alikuwa na mafua. Kesho kutwa ilipita, mwezi ukaisha, na zile pesa za nyongeza zikawa zinakatwa kimya kimya kwenda kwenye akiba ya wafanyakazi. Mwezi wa pili, jambo lenyewe likawa limeota mizizi. Uongo wa kunyamaza ni kama deni: riba yake hupanda ukiwa umelala.

Aliyelipasua ni dereva wa hoteli, bila nia mbaya. Alifiwa na mama yake, akaelekezwa kwa Brashi. Jioni hiyo Brashi alikula mpaka akamaliza, akafuta mdomo, akasema kwa utulivu:

"Dereva wenu amefiwa na mama yake."

"Nimesikia. Masikini."

"Anakusifu. Anasema tangu uwe mkubwa wao, shuka hazichelewi tena. Tangu kabla ya mvua, anasema."

Mama Chiriku akaweka kijiko chini.

"Nilitaka kukuambia."

"Najua."

"Baba Chiriku, nilitaka."

"Nimesema najua."

Akanyanyuka, akaosha sahani yake, ya mkewe akaiacha. Wakati wa kulala akachukua mto, akaenda kwenye sofa. Mgongo unamsumbua, alisema, na sofa ni gumu, litamfaa. Mama Chiriku alilala peke yake kwenye kitanda kipana, upande wa krimu wa kitanda, akitazama kwenye giza mahali kizuizi kilipokuwa. Hapakuwa na ubao. Hapakuwa na kitu chochote. Lakini alipojaribu kunyoosha mkono kuelekea kule, mkono ulisita, kama umegusa ubao.

Hawakugombana. Hilo ndilo lililomtisha. Watu wakigombana wana kitu wanachogombea. Brashi alianza kununua sabuni yake mwenyewe. Kisha majani yake ya chai. Kila alipopata pesa za kibao aliziweka mezani, akizitenga: "Nusu ya umeme hiyo. Nusu ya maji." Neno hilo, nusu, likawa ndilo salamu yake. Chiriku akipiga simu, aliongea na mama kwanza, kisha mama anamkabidhi baba simu bila vidole kugusana, na mtoto anarudia kisa kilekile cha mbuzi wa shangazi mara mbili, na kila mzazi anacheka kwa zamu yake. Jikoni walipishana. Siku moja Mama Chiriku alitoka na sufuria ya uji, Brashi akampisha mlangoni na kusema, "Samahani."

Mama Chiriku akajisikia anajibu, "Nimemaliza."

Alikaa uani mpaka uji ukaganda, hana nguvu ya kurudi ndani.

Mwanamke mmoja alikuja mchana, siku ya mapumziko ya Mama Chiriku. Mlango ulikuwa wazi.

"Hodi."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa kuna fundi wa vibao hapa."

Alikuwa mzee mwembamba, kajifunga kitambaa kichwani vizuri, na kwenye mkono wa gauni lake kulikuwa na kipande cha uzi mweupe kilichonasa, kama unavyowanasa watu wanaoshona. Alisimama kizingitini kama mtu aliyefika ukingoni mwa maji asiyojua kina chake.

"Ametoka kununua rangi, hachelewi. Ingia umsubiri."

"Nitasubiri hapa hapa."

"Kuna jua hapo, mama. Ingia tu."

Akaingia. Na alipoingia, hakukatiza chumba kama mgeni yeyote. Alipiga hatua moja mbele, akageuka upande wa krimu, akapita kando kando ya ile safu ya matundu, bega lake limekaa mbali kidogo na hewa tupu, kama mtu anayepita gizani ndani ya nyumba anayoijua. Mama Chiriku hakuhitaji kuuliza huyu ni nani.

"Mmeuondoa ubao," mwanamke alisema.

"Tulikuta haupo."

"Aha. Basi ni mwenye nyumba. Plaiwudi nzuri ile. Atakuwa ameiuza." Akaangalia kitanda, sofa, mto juu ya sofa. Akautazama ule mto kwa muda. Mama Chiriku akaona aibu kana kwamba amekutwa hana nguo.

Akamtolea kiti. Mwanamke akakikataa kwa mkono, na kwa uzito wa magoti yake mazee akajishusha sakafuni, pale pale palipong'aa, mgongo ukinyooka bila cha kuegemea.

"Samahani, mwanangu. Miguu imezoea."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo bati. Mama Chiriku akatafuta la kusema, lakini alilokuwa nalo moyoni lilikuwa moja tu.

"Watu wa hapa wanasimulia mambo," alisema.

"Ya redio."

"Ndiyo."

"Wanasemaje? Kwamba nilikuwa naichukia? Kwamba nilikaa huku nasonya, 'huyu naye na redio yake'?"

Mama Chiriku akageuza macho kwenye lile doa la ukutani.

"Nilikuwa na redio yangu," mwanamke akasema. "Niliiuza mapema kabisa, nikanunua sindano na uzi nianze tena kwa mkono. Yeye yake akabaki nayo. Basi jioni nikimaliza kushona, nakaa hapa. Ubao mwembamba, unasikia kila kitu. Taarifa ya habari, matangazo ya vifo, michezo ya kuigiza. Mwanzo alikuwa akiifungulia chini, sauti ya kwake peke yake. Siku moja nikasikia ameiongeza. Si sana. Kiasi cha kunifikia mimi." Akapitisha kiganja sakafuni, taratibu. "Hatukuwahi kulisema. Ningesema, ningekuwa nimemsamehe, na mimi sikuwa nimemsamehe. Lakini kila jioni alikuwa akiongeza sauti, na mimi nikikaa. Kikija kichekesho, nasikia anacheka kule, nami nacheka huku, nimefunga mdomo na kanga asinisikie."

"Na siku ile?"

"Siku ile nilikaa kama kawaida. Nikaenda kulala, redio bado inasema. Nikafurahi, mwanangu. Nikasema leo hana usingizi, kaniachia redio. Kesho yake ikawa inasema mchana kutwa, nikashona huku naisikiliza. Ilikuwa siku nzuri. Nilidhani tunasikiliza wote."

Hakulia. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mwenzake njia. Aliyelia ni Mama Chiriku, ambaye alijifanya anatazama nje.

Brashi akarudi na makopo yake ya rangi. Akamwamkia mgeni, akashangaa kumkuta sakafuni, lakini alikuwa mtu wa adabu. Akachuchumaa naye akae usawa mmoja. Mwanamke akataja jina la marehemu na miaka yake. Amekaa muda mrefu bila kibao, alisema, wakati ule hakukuwa na pesa, na roho pia haikuwa tayari.

"Herufi unazihesabuje?"

Brashi akamtajia bei. Mwanamke akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua, akahesabu kwa midomo.

"Jina linatosha. Na miaka."

"Wengine huongeza chini yake, mama. 'Mume wa fulani.' 'Baba wa fulani.'"

"Watoto hatukujaliwa." Akafikiri. "Hayo mengine ni herufi nyingi."

"Naweza kukuandikia bure."

"Hapana, baba." Alisema kwa upole, lakini mlango wa mazungumzo ulifungwa. "Niachie nafasi tu. Nikipata pesa ya herufi nitarudi."

Akaacha nusu ya malipo, akaaga. Alipotoka alipita tena kando kando, kwenye njia yake ileile ya zamani.

Brashi alisimama anamtazama mpaka akapinda kona ya uchochoro. "Mzee wa watu," alisema, si kwa mkewe hasa, kwa hewa. "Mbona anatembea hivyo?"

Hapo ndipo Mama Chiriku aliposema. Alianza na bomba na ndoo iliyomwagika, akaenda na plaiwudi, cherehani zilizobebwa, tai, redio, na haya aliyoyasikia sasa hivi. Brashi alikaa polepole kwenye ukingo wa sofa huku kopo la rangi bado liko mkononi. Mkewe alipofika kwenye redio iliyoongezwa sauti, Brashi aligeuka akatazama lile doa nyuma ya kichwa chake, akahama sofa, akaja kukaa kwenye kitanda.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu tulipohamia."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa."

"Hili nalo uliogopa. Na la mshahara uliogopa."

"Yote niliogopa, Baba Chiriku. Ulikuwa umeshika kile kibao cha mtoto. Ulikuwa na furaha."

"Mtu anafurahia kibao cha mtoto aliyekufa?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na masikioni mwa mkewe ilikuwa kama mvua juu ya bati lililokauka. "Nilifurahi kwamba siku hiyo nilikuwa na cha kukuambia. Unajua kilichonichoma? Si pesa. Dereva alidhani najua. Akawa anazungumza, nami naitikia, 'Ndiyo, ndiyo, tumefurahi sana.' Nimesimama pale naigiza kuwa mume wako."

Mama Chiriku akasema tu, "Nisamehe," na Brashi hakusema amesamehe. Alisema, "Ni kiasi gani?"

Akamtajia. Mshahara mpya, na akiba yote ilivyo, mpaka senti ya mwisho. Brashi akapiga mluzi mdogo.

"Kumbe naishi na tajiri," alisema. Mzaha ulitoka mbovu, umepinda, lakini ulikuwa mzaha.

Usiku huo alirudi kwenye sofa hata hivyo. Na uliofuata pia. Mambo ya watu wawili hayanyooki kama shuka chini ya roli. Siku moja tu Mama Chiriku aliamka akakuta mtu amelala ukingoni mwa kitanda, amempa mgongo, blanketi lake mwenyewe amejifunga kama mzigo. Hakumgusa. Alisogea, akampa nafasi, akasikiliza pumzi zake mpaka kukapambazuka.

Akiba ile waliitoa, na shule zilipofungwa Brashi akaenda kumchukua Chiriku kwa shangazi yake. Alirudi na mtoto aliyerefuka, ambaye alianza kusimulia habari za mbuzi tangu kwenye kona ya uchochoro na hakunyamaza mpaka chakula kilipoiva. Mwenye nyumba, aliposikia kuna kicheko ndani, akaja akapandisha kodi. Mama Chiriku ndiye aliyebishana naye, Brashi akiwa nyuma yake anaitikia kwa kichwa kila neno. Kuhama hawakuhama, hawakuwa na pesa ya kuhama. Vibao viliendelea kuandikwa, na mwezi mwingine umeme ulilipwa kwa taabu, na walipokosana walikosana kwa sauti, hata Mama Habari akapata kazi ya kufanya.

Mwanamke yule alirudi kumalizia malipo yake. Alikitazama kibao, akapitisha kidole kwenye jina, akaridhika. Kwenye ile nafasi nyeupe chini yake alisema, "Ya herufi bado," akakifunga kwa gazeti, akakibeba mwenyewe kifuani. Hawakumwona tena.

Lakini Mama Chiriku alibaki na jambo moja ambalo halikumtoka. Akiwa jikoni uani, na ndani kukiwa kimya, Chiriku yuko shule, Brashi yuko kwenye kazi yake, mikono yake husimama yenyewe juu ya maji. Anaita:

"Baba Chiriku?"

"Naam?"

"Hakuna kitu."

Mwanzo Brashi alikuwa akiuliza kulikoni. Sasa haulizi, anaitika tu, anaendelea. Siku nyingine brashi iko katikati ya herufi, na fundi hawezi kuikata herufi njiani, kwa hiyo jibu huchelewa kidogo. Mama Chiriku anasimama pale, maji yakimchuruzika viwikoni, anasikiliza mlango ulio wazi, na wala hapumui mpaka asikie.